Njia Mbili, Tundu Moja

Kwa miaka mingi nimepiga kinanda katika makanisa madogo, kwenye sendofu na kumbi za harusi, kwanza Morogoro, kisha Dar es Salaam. Karibu kila mahali pasipokuwa na fundi mitambo nimekuta amplifaya ya aina moja: ya gitaa. Kikundi huanza na gitaa, mtu mwenye moyo akajitolea kununua amplifaya, na baada ya hapo kila kitakachopatikana huelekezwa humo humo. Kinanda humo. Simu yenye biti ya kwaya ya watoto humo. Laptopu ya kijana wa mzee wa kanisa, yenye nyimbo za kuwaingiza maharusi, nayo humo. Sasa, amplifaya ya gitaa kwa kawaida ina tundu moja na njia moja ya sauti. Simu, laptopu na kinanda hutoa njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Kati ya njia hizo mbili na lile tundu moja kuna waya wa shilingi elfu chache, na naamini nusu ya ugomvi wa wapiga vyombo na wazee wa kanisa umezaliwa ndani ya waya huo.

Mwaka fulani kwaya ya jirani zetu ilizindua albamu yake. Wimbo uliobeba jina la albamu ulikuwa na solisti, dada mwenye sauti ya kukufanya uache kupepea feni ya karatasi. Siku hiyo haikuwa ya kuimba bali ya kufuatisha, wimbo unapigwa na wanakwaya wanachezesha midomo na mikono. Amplifaya ilikuwa ya gitaa kavu, nzuri tu, yenye matundu mawili: moja la gitaa, jingine la maiki, lile linalopokea pini tatu na jeki kubwa pia. Kijana aliyesimamia mitambo alichukua waya wenye jeki ndogo ya hedifoni upande mmoja na jeki kubwa upande wa pili, akaunganisha laptopu na tundu la maiki. Wimbo ukaanza. Kinanda kilisikika kipana, gitaa la rhythm lilikuwapo, waitikiaji walisikika kwa mbali. Besi haikuwapo. Dramu kubwa haikuwapo. Ubeti wa kwanza ulipofika, dada akafungua kinywa kwa madaha yote, na kilichotoka ni mwangwi wa sauti yake, kana kwamba yeye mwenyewe yuko chumba cha pili.

Shughuli ikaendelea hivyo hivyo, kwa sababu shughuli za Kiswahili haziahirishwi kwa ajili ya waya. Lakini baadaye kamati ya kwaya ilikaa kikao kizito, na hoja iliyokuwa mezani ni kwenda kuidai studio fedha. Walisema studio imewauzia wimbo mbovu. Mwalimu wao wa kwaya alinipigia akiniomba niwe shahidi.

"Mwalimu," nikamwambia, "kabla hamjakwenda popote, uweke wimbo huo kwenye sabufa ya nyumbani kwako."

Akauweka. Dada alikuwapo, besi ilikuwapo, kila kitu kilikuwa mahali pake. Studio haikuwa na kosa.

Tundu la maiki kwenye amplifaya za namna ile limeundwa kupokea sauti kwa nyaya mbili zilizo kinyume. Waya mmoja unabeba sauti kama ilivyo, wa pili unabeba sauti ile ile iliyogeuzwa juu chini, na amplifaya inatoa mmoja kwenye mwingine, kama katika hesabu ya kutoa. Makelele yanayoingia njiani, kutoka kwenye nyaya za umeme au taa, huingia sawa kwenye nyaya zote mbili, kwa hiyo katika kutoa huko yanajifuta. Ndiyo maana maiki inaweza kuwa na waya mrefu kutoka madhabahuni hadi mlangoni na bado isivume. Ni ubunifu wa maana sana. Ila ukiliingizia tundu hilo stereo ya laptopu, linafanya kazi yake ile ile: linachukua kushoto, linatoa kulia. Chochote kilicho sawa pande zote mbili kinakuwa sifuri. Na mafundi wa studio, kwa desturi yao, huweka katikati, yaani sawa kushoto na kulia, vitu vitatu: sauti ya mwimbaji mkuu, besi na dramu kubwa. Mwangwi wa dada ulibaki kwa sababu mwangwi wa studio hutengenezwa tofauti kushoto na kulia ili usikike mpana. Amplifaya ilimchukulia solisti kuwa makelele ya umeme, ikamfuta kwa uaminifu mkubwa.

Elimu yangu ya mambo haya sikuipata darasani. Niliipata kwa fundi redio mmoja wa Mji Mpya, Morogoro, mzee mwenye kibanda cha mabati kilichojaa redio kaseti zisizo na mifuniko. Hakuwa mwanamuziki wala hakujifanya. Mwalimu wa kwaya yetu alinituma nimpelekee kinanda cha kanisa ambacho, kwa maelezo yake, kilikuwa kinameza vyombo. Ukikisikiliza kwa spika zake chenyewe, gitaa la kusindikiza na kayamba zipo. Ukikichomeka kwenye amplifaya, hazipo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Huo waya mnaochomekea umekuja nao?"

Swali hilo lilinishangaza, maana mgonjwa alikuwa kinanda. Nilikuwa nao mkobani. Akautazama kwenye ncha kwa sekunde chache, akanisogezea kinanda bila hata kukifungua skrubu moja.

"Kinanda kizima hiki. Hesabu mistari myeusi."

Jeki ya waya wa gitaa ina mstari mmoja mweusi, unaotenga ncha na shina lake refu. Ncha hubeba sauti, shina ni ethi. Jeki ya hedifoni ina mistari miwili, kwa hiyo inatengeneza sehemu tatu: ncha ni kushoto, pete ya katikati ni kulia, shina ni ethi ya wote wawili. Vinanda vingi vya nyumbani vya bei ya kawaida, kama vile vingi vya familia ya PSR-E ya Yamaha, vina tundu moja tu la kutolea sauti, nalo ni la hedifoni, lenye sehemu tatu. Ukiingiza humo waya wa gitaa, shina lake refu linafunika mahali pa pete na pa ethi kwa pamoja. Njia ya kulia inakuwa imefungwa moja kwa moja kwenye ethi. Haisikiki, na kibaya zaidi, ile sakiti ndogo inayoendesha hedifoni inaendelea kusukuma sauti ya kulia kwenye shimo lisilo na mwisho. Vinanda vingine vina kinga kidogo ndani, vingine vinapata joto na kuanza kukoroma. Vyombo ambavyo kinanda chetu kilikuwa kinavimeza ni vile ambavyo mtengenezaji alikuwa amevielekeza kulia.

Nilifikiri dawa ni rahisi: kuchukua nyaya za kushoto na kulia, kuzisokota pamoja na kuzipeleka kwenye ncha moja. Kariakoo nyaya za namna hiyo zinauzwa zikiwa tayari, zimefungwa vizuri kwenye plastiki. Mzee akatikisa kichwa. Akanipa somo ambalo nimelirudia kwa watu wengi kuliko idadi ya nyimbo ninazozijua.

Tundu la kutolea sauti linasukuma. Tundu la kupokea linasikiliza. Msukumaji mmoja anaweza kuwa na wasikilizaji wengi bila shida. Lakini wasukumaji wawili wakifungwa kwenye waya mmoja, ni kama watu wawili walioshika mkokoteni mmoja, huyu mbele na yule nyuma. Wakitaka kwenda upande mmoja, mambo ni mazuri. Mmoja akitaka mbele na mwenzake nyuma, nguvu zao zinaishia wao kwa wao. Njia ya hedifoni ya laptopu au simu huwa na ukinzani mdogo mno, pengine omu chache tu. Tuseme wakati fulani kushoto na kulia vimetofautiana kwa volti 1, na kati yao kuna omu 10 kwa jumla: mkondo unaotaka kupita baina yao ni miliampea 100, na sakiti ya hedifoni haikuumbwa kwa kazi hiyo. Sauti inakwaruza hasa pale wimbo unapokuwa mpana, maana ndipo pande mbili zinapotofautiana zaidi.

Mzee akachukua resista mbili za omu 1,000, zile zenye rangi ya kahawia, nyeusi na nyekundu. Moja akailehemu kwenye waya wa kushoto, nyingine kwenye wa kulia, kisha ncha zao za pili akaziunganisha pamoja na kuzipeleka kwenye ncha ya jeki ya gitaa. Ethi kwa ethi. Akafunika kwa mrija mwembamba wa plastiki na kuupitisha juu ya kiberiti ukabana. Sasa tofauti ya volti 1 baina ya kushoto na kulia inakutana na omu 2,000, na mkondo wa baina yao hauzidi nusu ya miliampea. Wasukumaji hawaumizani tena. Amplifaya ya gitaa kwa upande wake ina ukinzani mkubwa sana wa kupokea, kwa kawaida karibu omu milioni 1, kwa hiyo omu 1,000 mbele yake si kitu. Inachopokea ni kushoto jumlisha kulia gawanya kwa mbili. Kilichokuwa katikati kinabaki na ukubwa wake, kilichokuwa upande mmoja pekee kinashuka nusu. Ndiyo mchanganyo wa haki.

"Sasa jaribu," akasema. Nikapiga mtindo wa rumba. Gitaa la kusindikiza likarudi, kayamba zikarudi.

Waya ule niliutumia hadi plastiki yake ikageuka rangi. Lakini siku hizi nikipata njia ya kuuepuka, nauepuka, maana nimefikia msimamo ambao si wa mzee wa Mji Mpya bali ni wangu. Stereo iunganishwe ikiwa bado ndani ya chombo chenyewe, kwa kusudi, na mwenye chombo. Ikishafika kwenye waya, kila mtu anaiunganisha kwa bahati tu.

Vinanda vya kazi, vile vya jukwaani, vimefikiriwa hivyo. Nyuma yake utakuta matundu mawili makubwa, moja limeandikwa R, jingine L/MONO. Hayo maandishi ya MONO si pambo. Ukichomeka waya kwenye L/MONO peke yake na kuacha R wazi, kinanda chenyewe kinahisi kwamba R haina kitu na kinajumlisha pande zote mbili humo ndani, kwa sakiti iliyokusudiwa kazi hiyo. Unatumia waya wa kawaida wa gitaa. Hakuna resista, hakuna lehemu. Roland, Yamaha na Korg wote wameweka utaratibu huo kwenye vinanda vyao vingi vya jukwaani, na pedali nyingi za gitaa zenye matundu mawili ya kutolea zinaufuata. Nimeona wapigaji wenye vinanda vya mamilioni wakichomeka kwenye tundu la hedifoni kwa sababu tu liko mbele, karibu na mkono. Nawaomba wazunguke nyuma.

Simu nayo ina njia yake, na nashangaa ni wachache wanaoijua. Kwenye mipangilio ya simu za Android na iPhone, sehemu iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye mahitaji maalumu, kuna swichi ya sauti ya mono. Iliwekwa kwa ajili ya mtu anayesikia kwa sikio moja, asipoteze nusu ya wimbo. Laptopu zenye Windows 10 au 11 zinayo pia. Ukiiwasha, simu inajumlisha kushoto na kulia na kutoa kitu kimoja pande zote, na kwenye waya unaounganisha njia mbili wasukumaji hawana tena sababu ya kugombana. Tahadhari moja tu: kwenye lile tundu la maiki lililommeza solisti, swichi hii itakupa ukimya mtupu, kwa sababu kushoto sasa ni sawasawa na kulia na tofauti yao ni sifuri. Nimeona watu wakidhani simu imekufa. Hapo hamia tundu la gitaa, au tumia kisanduku cha DI chenye transfoma kinachopokea njia mbili na kutoa moja.

Hata ukijumlisha vizuri namna gani, kuna sauti ambazo hazipendi kujumlishwa. Piano ndiyo mbaya kuliko zote. Sauti ya piano iliyomo kwenye kinanda ilirekodiwa kwa maiki mbili zilizowekwa mahali tofauti, na sauti ya kila uzi ilifika kwenye kila maiki kwa wakati wake. Masikioni kwa hedifoni hilo ni tamu, unajiona umekaa mbele ya piano yenyewe. Ukiziweka sauti hizo mbili kwenye waya mmoja, mawimbi yanayokutana yakiwa kinyume yanapunguzana, baadhi ya noti zinakuwa nyembamba na nyingine zinapaa, na piano nzima inasikika imetobolewa tumbo. Wapigaji wanalaumu amplifaya. Tafuta kwenye orodha ya kinanda piano iliyoandikwa mono, vingi vinayo, au piano ya umeme, ambayo kwa asili yake haikuwa ya njia mbili. Ogani inavumilia zaidi, ila ule mzunguko wa spika inayozunguka hupungua utamu. Filimbi, tarumbeta na besi hazijali kabisa.

Kuna jambo jingine lisilohusu stereo wala mono, na ndilo linalowakatisha watu tamaa zaidi. Amplifaya ya gitaa la umeme haikutengenezwa kusema ukweli. Spika zake hazina twita. Chukua spika inayojulikana sana ya Celestion, Vintage 30 ya inchi 12: watengenezaji wenyewe wanaitaja kwa masafa ya hezi 70 hadi 5,000. Kwa gitaa hiyo inatosha na kuzidi, maana uzi mnene wa gitaa unaanzia kwenye hezi 82. Lakini wimbo uliorekodiwa una matoazi, herufi za s na sh za mwimbaji na mng'aro wa kayamba juu kabisa ya hapo, na chini una besi ambayo uzi wake mnene hupiga hezi 41. Kwa hiyo mtu anayepiga CD ya kwaya kwenye amplifaya ya gitaa atasikia kila kitu kikiwa kimefunikwa blanketi, na akiongeza besi kulazimisha, spika itapiga makofi na inaweza kuchanika. Kusikiliza ni sawa, kufanyia mazoezi ni sawa. Kuiendeshea harusi ya watu mia tatu si sawa.

Halafu kuna nguvu ya sauti inayoingia. Pikapu ya gitaa hutoa sehemu za kumi za volti, na mlango wa amplifaya umekaa ukisubiri kitu kidogo namna hiyo ili ukikuze, na kwa wapiga solo ukikwaruze kidogo kwa makusudi. Vyombo vya studio hutoa kiwango cha volti 1.23. Kinanda nacho kikifunguliwa sauti yote kinagonga mlango huo kwa nguvu usiyoitarajia, na kinachotoka ni piano yenye sauti ya gitaa la roki. Mimi hufungua kinanda hadi karibu nusu, natumia chaneli safi, na kisha nafanya jambo ambalo wapiga gitaa wakiliona wanasikitika: nashusha vitufe vya besi na treble chini na kupandisha mid hadi juu. Kwenye amplifaya zilizofuata muundo wa Fender, vitufe vyote vikiwa katikati huwa tayari vimechimba shimo kwenye sauti za kati, na hiyo mipangilio yangu ya ajabu ndiyo iliyo karibu zaidi na sauti iliyonyooka. Kama amplifaya ina tundu la nyuma lililoandikwa RETURN, ni bora zaidi, kwa sababu hapo unaruka sehemu yote ya mwanzo inayopaka rangi na kuingia moja kwa moja kwenye nguvu. Anza sauti ikiwa chini kabisa. Kwenye baadhi ya amplifaya, kitufe cha sauti cha mbele hakina mamlaka juu ya tundu hilo.

Mvumo nitausema kwa ufupi, ila kwa ukali. Ukiunganisha laptopu iliyo kwenye chaja na amplifaya, mara nyingi utasikia mvumo wa hezi 50 au 100, au mlio mwembamba unaobadilika kila ukigusa kipanya. Chomoa chaja; mlio ukiisha, umempata mwenye kosa. Tumia betri, au kisanduku chenye transfoma kinachotenga ethi ya laptopu na ya amplifaya kwa upande wa sauti. Usikate pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya, na usichomeke plagi ya pini mbili kwa kufungua tundu la juu kwa kalamu, kama tunavyofanya nyumbani kila siku. Mpiga gitaa anashika nyuzi zilizounganishwa na ethi ya amplifaya huku midomo yake ikigusa maiki iliyounganishwa na ethi nyingine. Mwaka 1972, mjini Swansea, Wales, Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows aliuawa na umeme jukwaani aliposhika maiki mbele ya watu. Mvumo unaudhi, lakini mvumo haujamuua mtu.

Vijana wa kwaya huniuliza, nikishawaeleza haya, kwa nini basi stereo iliwekwa kila mahali kama inaleta taabu yote hii. Alan Blumlein, mhandisi wa EMI huko Uingereza, aliiombea hataza mwaka 1931. Inasimuliwa kwamba aliudhika sinemani alipomwona mwigizaji upande mmoja wa pazia huku sauti yake ikitoka upande mwingine. Alitaka sikio lijue mahali sauti ilipo. Ni haja ya haki, lakini inamhusu msikilizaji aliyekaa katikati ya spika mbili. Katika kanisa lenye mabenchi pande mbili, wa kushoto husikia spika ya kushoto na wa kulia husikia ya kulia, na ukiweka gitaa upande mmoja tu, umewanyima nusu ya waumini. Mafundi wengi wa kumbi kubwa, wenye mitambo ya mamilioni, hupeleka kitu kile kile au karibu kile kile pande zote kwa sababu hiyo. Wazazi wetu walimpenda mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe kupitia redio ya mawimbi ya kati yenye spika moja, na sijamsikia hata mmoja akidai alipunjwa.

Stereo iliyonishawishi jukwaani ni moja, na inatoka ndani ya amplifaya ya gitaa. Roland walitoa Jazz Chorus JC-120 mwaka 1975, yenye spika mbili za inchi 12, kila moja na amplifaya yake ya wati 60. Ukiwasha korasi, spika moja inatoa sauti kavu na ya pili inatoa ile ile ikiwa imecheleweshwa kidogo na kuyumbishwa. Zinakutana hewani, mbele ya masikio, na gitaa moja linageuka kundi la magitaa. Nimepiga kinanda kando ya mpiga rhythm aliyekuwa nayo, na hadi leo nikisikia sauti hiyo naitambua. Lakini ukumbini fundi mitambo akiweka maiki mbele ya spika moja tu, nusu ya korasi inabaki jukwaani na watu wanapata sauti kavu au ya kuyumbayumba. Hata hapo, mtu anapaswa kuamua pande hizo zikutanie wapi.

Kwa wauzaji wa nyaya wa Kariakoo nina ombi. Waya unaogawa, wenye mdomo mmoja wa stereo na miguu miwili ya mono, na waya unaojumlisha, unaoleta njia mbili kwenye jeki moja, hutundikwa kwenye msumari mmoja na huuzwa kwa jina moja la waya wa Y. Wa kwanza hauna hatari, wa pili unahitaji resista ndani yake. Zitundikeni kwenye misumari tofauti, na mnunuzi akija mwulizeni anachomeka nini kwenye nini.

Na kwa kamati za kwaya: fedha za mchango zikipatikana, msinunue spika kubwa zaidi kwanza. Nunueni mixa ndogo yenye njia nne, ambayo inapokea stereo ya kinanda na ya laptopu kila moja mahali pake na kutoa mono iliyojumlishwa kwa usahihi, na muiunganishe na spika yenye twita. Amplifaya ya gitaa mrudishieni mpiga gitaa.